Lada Isiyowaka Asubuhi

Teshager alishuka kichochoroni kwa miguu, maji yakimchuruzika kwenye kola, na kabla hajagonga geti la bati Bi Yeshimebet alishajua. Dereva wa teksi akionekana kwa miguu asubuhi, tena siku ya kazi, hana habari njema.

"Limegoma?" aliuliza, mkono wake ukiendelea kumimina rojo la injera, ile mikate myembamba ya chachu, kwenye kikaango, akizungusha kutoka pembeni kwenda katikati.

"Limegoma, mama. Stata inazunguka vizuri kabisa, ila moto haushiki."

"Juzi limegoma. Jana limewaka. Leo limegoma tena. Hili ni gari au mwanafunzi mtoro?"

Teshager alicheka kidogo, kwa heshima tu, akapangusa uso. "Ni hizi mvua. Nadhani maji yanapenya kwenye kile kifuniko cha distribyuta, pale waya za plagi zinapochomekwa. Tununue kifuniko kipya tumalize kesi."

"Una hakika?"

Hapo ndipo Teshager alipojiharibia. Alikuwa mtu mkweli, na mtu mkweli akiulizwa swali kama hilo hufikiri kwanza. "Hakika kabisa siwezi kusema," alijibu. "Nimekifungua, nimekifuta, sijaona ufa. Lakini nahisi ni hapo."

"Unahisi," Bi Yeshimebet alisema, akaibandua injera na kuitandaza juu ya nyingine. "Mimi nina upatu Jumapili, Teshager. Hisia siwezi kuzipeleka kule."

Teshager hakusema kwamba siku ambayo gari halitembei yeye hapati hata senti, kwa sababu makubaliano yao yalikuwa kwamba analeta hesabu ya tajiri jioni na kinachobaki ndicho chake. Mke wake alikuwa amejifungua wiki ile ile. Bi Yeshimebet alijua habari ya mtoto, maana alipeleka salamu. Lakini asubuhi ile, na rojo likimwagika, hakuyaunganisha mambo hayo mawili.

Upatu wenyewe alikuwa ameshaupokea. Zamu yake ilifika kabla ya mvua, na fedha zote zikaishia kwenye injini ya teksi yake, Lada kuukuu, iliyokuwa ikila oili kama ng'ombe anavyokunywa maji. Sasa kazi iliyobaki ilikuwa kuchangia kila Jumapili mpaka wa mwisho apate. Mdhamini wake alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, Asnakech, muuza viungo. Huyo alikuja jioni ile kuazima chungio, ingawa chungio alikuwa nalo.

"Nasikia gari linaumwa," alisema akiwa amesimama mlangoni.

"Mafua tu."

"Mungu aliponye. Maana unajua, Yeshi, siku ukikosa wewe, watakayemgongea ni mimi. Na mimi mwezi huu pilipili imeoza gunia zima."

"Nimewahi kukosa?"

"Sijasema umewahi. Nimesema pilipili imeoza." Akachukua chungio akaenda zake.

Mahider, binti wa Bi Yeshimebet, aliyekuwa akipanga injera kwenye kapu la kupeleka hotelini, alisonya. "Amekuja kukupima kama anayepima pilipili."

"Nyamaza. Ana haki."

*

Shemeji Zewdu ndiye aliyekuwa na hakika. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Bi Yeshimebet, karani katika ofisi ya maji, na ujanani aliwahi kuendesha lori la jeshi. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda kuitwa penye tatizo, na akiitwa hakupenda kurudi bila jibu.

"Betri," alisema hata kabla hajamaliza kikombe cha kwanza cha kahawa. "Gari lisilowaka asubuhi na kuwaka mchana, hiyo ni betri. Baridi inaikamata."

"Teshager anasema stata inazunguka vizuri," Mahider alisema.

"Teshager! Teshager ni dereva, mwanangu. Dereva kazi yake usukani."

"Anasema ni kifuniko cha..."

"Unajua kwa nini anasema kifuniko? Kifuniko kina bei ndogo. Anachukua pesa yako, anakipiga msasa kile kile cha zamani, anakurudishia, halafu nusu anaenda kutafunia mirungi. Nawajua hawa."

Bi Yeshimebet alimtazama shemeji yake. Ulikuwa uso wa mume wake ulionenepa kidogo, na sauti ilikuwa ile ile iliyokuwa ikimwambia usiogope. Akaenda ndani, akafungua kisanduku, akatoa fedha za Jumapili.

Betri ilikuwa nzito na nzuri. Siku iliyofuata kulikucha pakavu, na Lada likawaka kwa kuguswa tu. Zewdu alipiga simu asubuhi hiyo hiyo kuulizia, akapokea sifa zake. Usiku wa pili mvua ikarudi na radi zake, na kulipokucha Teshager akashuka tena kichochoroni kwa miguu.

Bi Yeshimebet alipomwona aliacha injera ikaungua.

"Mama, njoo uone mwenyewe," Teshager alimwomba. "Sasa hivi. Twende ulitazame likiwa limegoma."

"Na hizi nani atazioka? Hotelini wanazitaka kabla ya saa mbili. Unataka na hiyo kazi niipoteze?"

"Dakika chache tu, mama."

"Nenda. Shemeji atakuja mchana."

*

Gari lilikuwa likilala juu barabarani, kando ya ukuta wa kanisa, kwa sababu kichochoro hakikulipitisha. Mchana jua lilikuwa limetoka kali kama linavyotoka kati ya mvua na mvua, na moshi wa ubani ulikuwa ukipanda kutoka uwanjani. Watu walikuwa wengi: wauza mishumaa, wang'arisha viatu, wanawake waliotoka kusali, na Asnakech na kapu lake. Teshager alikuwepo tangu asubuhi. Alikuwa hajala.

Zewdu aliingia, akasogeza kiti, akazungusha ufunguo. Injini ilinguruma mara moja, bila hata kukohoa.

Hakuizima. Aliiacha iungurume ili kila mtu asikie, akashuka polepole na kufuta mikono ambayo haikuwa imechafuka.

"Hili ndilo gari bovu?"

"Sasa limekauka," Teshager alisema. "Nimekwambia, asubuhi kukiwa na..."

"Asubuhi wewe unalala. Unalala na mkeo, halafu unakuja kumwambia mjane wa watu gari limegoma. Au sivyo? Au usiku unalipigia kazi zako, asubuhi umechoka?"

"Bwana Zewdu, muulize mlinzi wa hapa. Hajawahi kuniona usiku."

"Mlinzi rafiki yako."

Watu walianza kusogea. Mng'arisha viatu mmoja alisema kwa sauti, "Dereva kanaswa!" na wenzake wakacheka. Teshager hakumtazama Zewdu tena. Alimtazama Bi Yeshimebet.

"Mama. Miaka yote hii nimewahi kukupunguzia hesabu?"

Bi Yeshimebet alisikia injini ikiunguruma. Sauti ile ilimuumiza, kwa sababu ilikuwa nzuri mno. Alifikiria betri aliyoinunua bure, akafikiria Jumapili, akamwona Asnakech amekaza macho. Alitaka mtu mmoja tu awe na kosa, ili jambo liishe.

"Nipe ufunguo wa akiba," alisema.

"Mama..."

"Nipe, Teshager. Usinifanye nipige kelele mbele ya kanisa."

Akampa. Kisha akainama akachukua mwavuli wake uliovunjika kutoka kiti cha nyuma, na kile kitambaa alichofutia vioo, ambacho kilikuwa chake, akaondoka. Mng'arisha viatu akapiga mluzi.

*

Zewdu alileta dereva mwingine, jamaa aitwaye Surafel, kijana wa maneno mengi na miwani ya jua. Asubuhi yake ya kwanza ilikuwa ya mvua. Alipiga stata mpaka ile betri mpya ikaanza kulegea, akaomba watu wasukume, wakasukuma mpaka kwenye mteremko, gari likashuka likiguna bila kuwaka na kusimama chini kabisa, kwenye tope, mbele ya machinjio. Kulivuta kurudi juu kukagharimu hesabu ya siku nzima.

"Kuna kitu kimetolewa humu," Surafel alisema, maana hakutaka ionekane kwamba ameshindwa. "Huyo mliyemfukuza kaondoka na kitu."

Zewdu akaruka juu. "Si nilisema! Si nilisema mimi!"

Jumapili ilikuwa kesho yake. Bi Yeshimebet alikuwa na nusu ya mchango, na nusu nyingine hakuwa na mahali pa kuipata. Alipoambiwa na shemeji yake avae viatu waende na mgambo wa mtaa nyumbani kwa Teshager, alivaa. Mahider alimshika shawli.

"Mama, usiende."

"Kama hajachukua kitu, hatapungukiwa na chochote."

Chumba cha Teshager kilikuwa kimoja, cha udongo, nyuma ya ghala la magogo. Mwenyewe alikuwa nje akipasua kuni. Ndani kulikuwa na giza na joto, na harufu ya siagi anayopakwa mzazi. Zinash, mke wake, alikuwa kitandani na mtoto ubavuni, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe. Alikuwa bado yuko katika siku ambazo mzazi haruhusiwi hata kukanyaga sakafu.

"Mwambieni ainuke," Zewdu alisema kutoka mlangoni. "Watu huficha vitu chini ya godoro."

"Ni mzazi," Teshager alisema. Shoka lilikuwa bado mkononi. Aliliona mwenyewe, akaliweka chini upesi.

Mgambo alikuwa mzee mwenye haya, akamgeukia Bi Yeshimebet. "Mwenye gari ni wewe. Ainuke?"

Zinash naye akamtazama. Alisubiri tu.

Bi Yeshimebet alisema, "Tazameni upesi, basi."

Zinash akashuka. Akaegemea ukuta na mtoto kifuani, akisimama peku kwenye udongo baridi huku wanaume wakigeuza godoro lake. Chini ya kitanda, kwenye kopo, wakakuta plagi kuukuu zimefungwa karatasi.

"Haya!" Zewdu alipiga kofi. "Hizi ni nini?"

"Za zamani," Teshager alisema. "Mpya ziko kwenye gari. Nilizinunua mimi, kwa pesa yangu, kabla ya mvua. Sikutaka kumsumbua mama."

"Utayaeleza ofisini."

Walimpeleka ofisi ya mtaa wakamweka kwenye benchi mpaka jioni, kisha wakamwachia kwa sababu hakuna aliyejua plagi kuukuu ni ushahidi wa nini. Usiku Bi Yeshimebet alikaa sebuleni akiwa bado na viatu. Kila akifumba macho aliona nyayo za Zinash.

Kesho yake, kwenye upatu, alipeleka nusu. Mweka hazina aliihesabu mara mbili, akaisukuma mezani. "Nusu haipokelewi, mama. Ni yote au mdhamini." Asnakech akatoa iliyopungua kutoka kifuani mwake, mbele ya wote, akaiweka juu ya meza noti moja moja. Walipotoka hakungoja watembee pamoja.

*

Jumatatu mvua ilianza kabla ya kupambazuka. Bi Yeshimebet alimwamsha binti yake.

"Vaa. Twende kwenye gari."

"Na injera?"

"Leo hotelini watakula mkate."

Walipanda kichochoro wakiwa wamejifunika turubai moja. Kulikuwa bado na kiza, kile kiza chepesi cha mwanzo wa siku, na kando ya ukuta Lada lilikuwa limekaa linatiririka. Bi Yeshimebet hakujua atazame nini. Alijua tu kwamba aliombwa aje alione likiwa limegoma, na hakuja. Alifungua boneti, akainama chini ya turubai.

"Zungusha!"

Mahider akazungusha. Stata ikalia, injini ikazunguka bure.

"Mama, tuache, tutaimaliza betri."

"Mara moja tena."

Ndipo alipoona. Kwenye kile kifuniko cheusi chenye waya nyingi kichwani, uzi mwembamba wa bluu ulitambaa, ukapotea, ukatambaa tena, kama unywele wa moto. Ulitoka kwenye mguu wa waya mmoja na kukimbilia chini kwenye chuma. Bi Yeshimebet akajivuta nyuma na kufanya ishara ya msalaba.

"Mahider! Njoo! Hapana, kaa, zungusha tena!"

Uzi ukatambaa mahali pale pale. Moto ulikuwepo. Ila ulikuwa unapita nje, juu ya unyevu, badala ya kwenda kwenye plagi. Hilo mtu hakuhitaji kuwa fundi ili alielewe, na mchana, kwenye jua na pakavu, macho yasingeuona uzi ule hata yangekuwa mazima kiasi gani.

Bi Yeshimebet alisimama mvuani na turubai limemwanguka. Binti yake alishuka garini akamkuta analia bila sauti.

"Ni nini, mama? Ni kitu kikubwa?"

"Ni kile kile," alisema. "Kile kile alichosema."

Mahider alifunga nyuzi za rangi tofauti kwenye waya ili wasije wakazichanganya, wakang'oa kifuniko, wakakipeleka soko la Merkato kimefungwa kwenye leso. Muuza vipuri alikigeuza karibu na balbu. "Kina ufa hapa ndani, mwembamba kama unywele. Hivi vinadanganya watu sana." Bei yake haikufika robo ya bei ya betri. Bi Yeshimebet aliilipa kwa kuacha sufuria lake kubwa la shaba kwa muuza vyombo wa jirani, na hakujadiliana bei.

Asubuhi iliyofuata mvua ilinyesha kama imetumwa. Lada likawaka kwa jaribio la kwanza. Mama na binti walikaa ndani, vioo vikijaa ukungu, na hakuna kati yao aliyefurahi.

"Mpigie baba mdogo," Mahider alisema. "Asikie."

Zewdu alisikiliza yote kwenye simu. "Basi vizuri," alisema. "Lakini hata hivyo ile betri ilikuwa imechoka, shemeji. Usingefika nayo mbali." Kisha akasema Surafel anaweza kuanza kesho.

"Surafel asije," Bi Yeshimebet alisema, akakata.

*

Alikwenda peke yake. Alibeba unga wa shayiri na siagi iliyofungwa kwenye jani, vitu ambavyo angevipeleka tangu mwanzo, alipopata habari ya mtoto. Teshager alikuwa amerudi kutoka kubeba zege, mabega yake meupe kwa saruji. Alisimama alipomwona, kwa mazoea.

"Nimeuona moto," Bi Yeshimebet alisema kabla hajaketi. "Nimeuona kwa macho yangu. Ulikuwa sahihi, na mimi nilikuvua nguo mbele ya watu. Nimekuja kuomba radhi. Nitasema vile vile mbele ya kanisa, kama utataka. Nitasema na mbele ya shemeji."

Teshager alitazama sakafu. "Mimi yamepita, mama," alisema, ingawa hayakuwa yamepita. "Mimi nilisimama tu nikatukanwa. Aliyeinuliwa kitandani ni huyu."

Zinash alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, mtoto mkononi. Alikuwa amekonda.

"Leo hujaja na mgambo," alisema.

"Hapana, mwanangu."

"Siku ile hamkutazama kwenye jiko. Ungependa nilisogeze?"

"Zinash," mume wake alisema.

"Acha niseme. Damu ilinirudia usiku ule. Yeye ndiye aliyeulizwa niinuke au nisiinuke. Na mimi nilimuuliza kwa macho. Naye ni mwanamke, amezaa." Akamgeukia Bi Yeshimebet. "Ulikuwa unafikiria nini?"

"Nilikuwa nafikiria Jumapili," Bi Yeshimebet alisema.

Zinash alimgeuza mtoto upande wa pili. Nje magogo yalikuwa yakishushwa kwenye lori, moja baada ya jingine.

"Atakuja kazini kesho," alisema hatimaye. "Usidhani nimekusamehe. Saruji inamtafuna mikono, na pesa yenyewe hawalipi kwa wakati. Atakuja kwa sababu mtoto huyu anataka kula. Na siku gari likigoma, hasara mtagawana. Kama humtaki hivyo, useme."

"Namtaka hivyo."

"Siagi iache hapo."

Bi Yeshimebet aliiweka. Zinash alifungua jani, akanusa, akaanza kutafuta sufuria kwa mkono mmoja. Mtoto akaanza kulia. Teshager alikuwa nje akinawa saruji. Zinash alitazama huku na huku, hakuona pengine, akamweka mtoto mapajani kwa mgeni bila neno na kurudi kwenye jiko.

Alisonga uji mzito wa shayiri, akatoboa shimo katikati na kulijaza siagi. Teshager aliingia akaketi kando yake. Bakuli lilikuwa moja na vijiko viwili. Bi Yeshimebet aliendelea kumshika mtoto mpaka walipomaliza kula.